Maziwa ya Kwenye Picha

Antananarivo, 9 Mei 1999

Dada Voahirana,

Salamu kwako, kwa Mama na goti lake, kwa shemeji Naivo, na kwa mtoto ambaye bado sijamwona. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imewahi mwaka huu, na lile blanketi mlilonipa, huku linahesabiwa shuka. Nimepata chumba kwa binamu wa mchungaji wetu. Ni watu wema, ila wanapika wali mkavu kama wanaulipizia kisasi.

Bwana Solofo amenipokea studioni. Ni mzee mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba madirisha yote ameyaziba kwa rangi nyeusi. Nikamwuliza, picha si zinataka mwanga? Akasema, "Jua lina mambo yake. Humu ndani mwanga unakaa pale ninapouambia ukae."

Wiki nzima nimekuwa mshika kadi. Tunapiga chupa za manukato kwa ajili ya duka moja la mjini. Mimi nilidhani chupa unaimulika usoni, basi. Kumbe ukifanya hivyo unapata doa jeupe na sura yako mwenyewe katikati. Taa inakaa nyuma, inapita kwenye karatasi nyembamba ili ilainike, halafu kushoto na kulia unasimamisha kadi nyeusi. Hapo ndipo kingo za chupa zinajichora, kama mtu amepitisha kalamu. Nikiisogeza kadi upana wa kidole tu, mstari unapotea na mzee anakohoa. Hagombi, anakohoa tu. Nimeshaanza kuota kikohozi kile.

Mama aliniuliza nitaishije kwa kupiga picha chupa. Mwambie bado sijui, ila najifunza kwa moyo wote.

Mdogo wako,
Tahina


Ambositra, 20 Juni 1999

Mdogo wangu Tahina,

Tunamshukuru Mungu na wazee waliotutangulia, sote tu wazima. Barua yako ilikaa kwa muuza chumvi na dagaa sokoni hadi ikachukua harufu ya dagaa, lakini imefika. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, mchana analisahau kwa sababu ana mtu wa kumgombeza.

Umeuliza mtoto ana sura gani. Ni mbaya, tunashukuru. Kichwa kama kiazi kikuu, masikio ya popo. Ukija usithubutu kumsifu, asije akapatwa na kijicho, Mama atakutoa nje. Mpaka nywele zake za kwanza zikatwe tunamwita Kipanya.

Mavuno yamekwisha na mashamba yanangoja jembe. Naivo amekwenda kusini kwenye machimbo ya mawe ya bluu ya thamani, kama wanaume wote wa huku. Wanasema mtu anachimba shimo asubuhi, jioni ananunua gari. Anakusalimu. Kwa sasa nalima mimi, Kipanya mgongoni.

Kuhusu kazi yako, sikuelewa hizo kadi nyeusi. Lakini Mama aliponiomba nisome mara ya pili alisema, "Kama anamsikiliza mzee bila kubishana, atafika." Kwa hiyo usibishane.

Dada yako,
Voahirana


Antananarivo, 18 Julai 1999

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia mtoto ni mbaya. Mwongezee chumvi kidogo. Msalimie Mama, na unipe habari za shemeji atakapoandika.

Sasa sikia. Nimeweka taa yangu ya kwanza.

Imekuja kampuni inayoleta maziwa ya watoto ya kopo, yanaitwa Vonisoa. Wanataka tangazo kubwa la kubandikwa miji yote: kopo la bluu, kando yake glasi, na maziwa yanamiminika ndani ya glasi. Bwana Solofo aliwaambia kopo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na nimeona ni kweli. Kopo ni kioo kilichokunjwa. Linaona kila kitu: taa, kamera, mikono yangu, hata mzee aliyesimama pembeni. Ilibidi tulijengee hema la karatasi nyeupe, tukaacha tundu moja la lenzi. Taa zote zikakaa nje ya hema. Kisha tukabandika ukanda mweusi ndani ili kopo lipate umbo, lisije likaonekana bapa kama limechorwa.

Ukafika upande wa glasi. Mzee akakaa kwenye kiti, akasema, "Taa hii ya nyuma weka wewe." Nikaiweka chini, karibu na meza, nikaielekeza juu. Nikajaribu, nikasogeza, nikajaribu tena. Mwishowe maziwa yakawaka kutoka ndani yake yenyewe, mazito, meupe, unatamani uyashike. Mzee hakukohoa. Aliniambia tu, "Usiiguse tena."

Kumimina nilimimina mimi hadi mkono ukafa ganzi. Jinsi yale maziwa yalivyotengenezwa yakasimama vile sitakuandikia. Mzee anasema mambo ya studio hayatoki mlangoni.

Tahina


Ambositra, 5 Septemba 1999

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima. Mama ameuza nguruwe mdogo, ameanza kumlilia. Naivo yuko salama.

Tangazo lako limefika. Wamelibandika ukutani mwa duka kubwa la sokoni, refu kuliko mlango. Nilikuwa nimepeleka maharage, nikasimama pale na kikapu kichwani. Mwanamke mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia, "Mdogo wangu ndiye aliyetengeneza mwanga ule." Akasema, "Kwani mwanga unatengenezwa?" Nikamwambia, "Kwao unatengenezwa." Akanitazama kama mtu mwenye homa, akaenda zake. Nilicheka njia nzima.

Nina swali moja, nalo ni la kweli. Maziwa yangu si kama ya mwanzo. Siku nzima niko topeni, nakula mihogo, na jioni Kipanya anavuta anapata kidogo, analia. Mama ananiambia nivumilie, yatarudi. Lakini wewe umeyaona yale ya kopo kwa karibu, umeyashika. Kwenye picha ni mazito kama ya ng'ombe aliyezaa jana. Ni mazuri kweli? Ukiniambia ndiyo nitanunua, maana wewe nakuamini kuliko wenye duka.

Voahirana


Antananarivo, 26 Septemba 1999

Dada Voahirana,

Barua yako nilimsomea mzee, ile sehemu ya mwanamke wa sokoni, akacheka hadi akavua miwani. Sehemu nyingine sikumsomea.

Umeuliza kuhusu maziwa. Bwana wa kampuni aliyekuja ni mtu wa heshima, amevaa suti, alituonyesha vitabu vya Ulaya vyenye kopo lile lile. Watoto waliomo humo ni wanene wana mashavu. Huku mjini Tana wake za maofisa wote wanayatumia. Mimi naona ni mazuri. Ukiweza, mnunulie.

Tunaanza sabuni wiki ijayo. Povu halikai chini ya taa, linazimika ukilitazama, kwa hiyo mzee ana njia zake.

Shemeji hajaandika? Na ana anwani?

Tahina


Ambositra, 14 Novemba 1999

Mdogo wangu Tahina,

Salamu kutoka kwa Mama. Mvua za kwanza zimeshanyesha na tumepandikiza mpunga kwenye kipande cha chini.

Nimenunua kopo. Nililibeba kifuani hadi nyumbani, na Mama akaliweka rafuni karibu na Biblia. Bei yake sitakuandikia, utapata usingizi mbaya. Lakini usihangaike, nimejifunza kulifanya lidumu. Wenzangu wanashangaa linavyokaa muda mrefu.

Kipanya ameshaizoea chupa, ziwa halitaki tena. Naivo yuko salama. Usiniulize anwani kila mara, kule kwenye mashimo hakuna anwani.

Voahirana


Antananarivo, 12 Desemba 1999

Dada yangu,

Nawatakia Krismasi njema. Nimemtumia Mama kitambaa cha mabega kupitia dereva wa Ambositra, na wewe sabuni tulizopiga picha, maana baada ya picha hazina mwenyewe.

Sasa naruhusiwa kupanga meza peke yangu. Mzee ananifundisha kuliacha jicho lipumzike: siyo kila kitu king'ae. Ukiangaza kila pembe, mtazamaji hajui atazame wapi. Kampuni ya maziwa imefurahi na inataka picha nyingine baada ya mwaka mpya, safari hii na mtoto mezani. Wameniulizia kwa jina.

Andika upesi. Nataka kujua Kipanya amenenepa kiasi gani, hata kama siruhusiwi kusema.

Tahina


Antananarivo, 13 Februari 2000

Dada,

Sijapata jibu la barua ya Krismasi wala ya mwezi uliopita. Wanasema mvua imekata barabara na madaraja mawili hayapitiki, kwa hiyo najiambia ni barabara. Dereva alisema kitambaa alikifikisha, ila nyumbani alimkuta jirani tu. Mama na wewe mlikuwa wapi?

Andika mstari mmoja.

Tahina


Ambositra, 19 Machi 2000

Mdogo wangu Tahina,

Mama yu mzima. Mimi ni mzima. Mtoto yu hai. Nimeanza na hayo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Tulikuwa hospitali ya masista, mjini, kuanzia kabla ya Krismasi hadi mwezi huu. Barua zako nimezikuta kwa jirani.

Naivo hayuko salama wala hayuko taabani, sijui alipo. Tangu msimu wa baridi hajaleta neno. Mtu aliyerudi kutoka kusini anasema ana nyumba nyingine huko. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kazi ukaja kushika jembe, na mimi nilitaka mmoja wetu awe mahali pengine.

Maelezo ya kwenye kopo niliyasoma. Mimi si mjinga, shule nilifika mbali kuliko wewe. Lakini nikifuata kipimo kile kopo lingekwisha katikati ya mwezi, na la pili sikuwa na namna ya kulipata. Nikawa naweka kijiko kimoja palipotakiwa vitatu. Maji yakawa meupe. Nikajiambia, mradi ni meupe. Na maji yenyewe ni yale ya kisima cha chini ambacho mvua ikinyesha kinaingia tope, na kuni zilikuwa mbichi, siku nyingine nilipasha tu. Alikuwa anamaliza chupa, ananyamaza. Nilidhani ameshiba. Alikuwa amechoka kulia.

Alipoanza kuharisha alikuwa amebaki macho. Mama alimfunga mgongoni mwake, goti lile lile, tukatembea hadi mjini.

Sista akaniuliza, "Nani alikwambia uache kunyonyesha?" Akauliza tena, akidhani sikusikia.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwanamke anaitwa Vololona, wa hapa mjini, anasugua masanduku ya mbao kwenye karakana ya wachongaji. Alikuwa na binti mdogo kuliko wetu, ugonjwa ule ule. Kopo la bluu lilikuwa chini ya kitanda chake, na langu chini ya changu. Hatukuwa tunazungumza, tulikuwa tunatazamiana makopo. Binti yake akafariki siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Yeye alikuwa hajaacha kunyonyesha kabisa, alikuwa anachanganya, kwa hiyo maziwa yake yalikuwapo bado. Baada ya mazishi akarudi wodini. Nilidhani amesahau kitu. Akasimama mbele yangu, akasema, "Nipe huyo."

Nikampa. Wetu alikuwa hana nguvu ya kunyonya, akawa anamkamulia kwenye kijiko, taratibu, hadi akaweza. Alikuja kila siku hadi tulipotoka. Kwa hiyo ukiuliza nani amemponya, ni sista na dawa zake, na ni yeye.

Siku moja akiwa amemshika aliniuliza, "Uliliona lile tangazo la sokoni?" Nikasema nililiona. Akasema, "Aliyeitengeneza ile picha anaijua kazi. Nilikuwa napita pale kila asubuhi nikienda kusugua mbao, nayatazama yale maziwa, nasema mwanangu naye lazima ayapate."

Sikumwambia. Wewe ambaye nilikutangaza sokoni kwa mtu nisiyemjua, siku hiyo nilikukana.

Sikuandikii ili nikulaumu. Kijiko nilishika mimi. Na sikuandikii kukwambia huna kosa, maana nilikuuliza swali, na ulinijibu kuhusu suti.

Voahirana


Antananarivo, 2 Aprili 2000

Dada yangu Voahirana,

Leo sina salamu nzuri za kuanzia. Nashukuru kwamba yu hai. Nashukuru Mama ana miguu.

Nitakujibu sasa swali la Septemba. Sikuwa najua kama maziwa yale ni mazuri. Sikuwahi kuyaonja wala kuyakoroga. Kopo tulilopiga lilikuwa tupu, kampuni ilituletea makopo matupu ili yasiwe na mikwaruzo. Na kile kilichokuwamo kwenye glasi hakikuwa maziwa. Ilikuwa gundi, ile nyeupe ya mbao, tumeizimua na maji kidogo. Maziwa ya kweli chini ya taa yanageuka rangi, yanakuwa ya bluu bluu mepesi, na yanaweka utando. Gundi inasimama. Uliponiuliza kama ni mazito kweli nilijua unatazama gundi, na sikukwambia, kwa sababu mwanga ule ulikuwa wangu na nilitaka uendelee kuupenda.

Nilimwonyesha Bwana Solofo barua yako, yote. Aliisoma amesimama. Kisha akakaa. Akaniambia, "Mimi nauza mwanga. Makopo wanauza wenyewe."

Nikamwambia, "Dada yangu hakununua mwanga."

Hakukohoa. Baadaye akasema kazi ya pili ya maziwa ataifanya na kijana mwingine, na mimi nitarudi kubeba vyuma vya taa na kufagia hadi atakapoona vingine. Nimekubali. Nimebaki hapa, na sijui kama kubaki ni vizuri. Kazi nyingine sina, na kazi hii naipenda bado, hata jana nilisimama nikatazama mwanga ukipita kwenye chupa ya mafuta nikasahau kila kitu kwa muda. Hilo nalo nakwambia, ili usinifikirie kuwa bora kuliko nilivyo.

Nitakuja wakati wa mavuno. Nataka kumwona huyo Vololona.

Tahina


Ambositra, 23 Aprili 2000

Mdogo wangu,

Njoo. Mpunga umeiva na mikono ni michache. Mama anasema ulete chumvi na usilete machozi, yapo ya kutosha.

Mtoto anakaa mwenyewe sasa. Anakula uji wa mchele na mchuzi wa majani. Nywele tutamkata ukiwa hapa, mjomba lazima awepo.

Barua yako niliisoma peke yangu, Mama sikumsomea ile ya gundi. Kuhusu Vololona, amua mwenyewe. Lakini usiniombe nikupeleke mlangoni kwake. Nikiwa nimesimama pale atanitazama mimi, atanihurumia, atakwambia si kitu. Nenda peke yako, ili aseme anachotaka.

Voahirana


Antananarivo, 28 Mei 2000

Dada yangu,

Nimefika salama, mikono bado ina malengelenge ya mundu wenu. Bwana Solofo ameyatazama akasema, "Angalau umefanya kazi." Msalimie Mama. Yule mtu wetu aliyekatwa nywele sisemi lolote juu yake, ila nimekuwa nikimfikiria njia nzima.

Uliponisindikiza barabarani nilikwambia gari linaondoka mchana. Kabla ya saa hiyo nilipitia kwenye karakana ya wachongaji. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda cha wazi, masanduku yamemzunguka, anasugua kifuniko kwa msasa. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Voahirana.

"Yule wa Tana," akasema. "Mtoto anaendeleaje?"

"Ana meno mawili."

"Anamng'ata nani sasa?" akasema, akatabasamu, akanionyesha sanduku nikae juu yake.

Sikukaa. Nikamwambia kwamba ile picha ya sokoni, taa iliyoyawasha yale maziwa, niliiweka mimi.

Aliendelea kusugua. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia, akasema, "Nimesikia."

Baadaye akauliza, "Ulijua kwamba tutanunua?"

"Ndiyo sababu ilipigwa," nikasema.

"Na dada yako alijua ni wewe, pale wodini?"

"Alijua."

Akapuliza vumbi kwenye kifuniko. "Niliisifu ile picha, nikaona amenyamaza. Nilidhani amechoka." Kisha akauliza, "Mliyapata wapi maziwa mazito vile? Mimi nilikoroga, nikaongeza, hayakuwahi kuwa vile."

Nikamwambia. Dada, mezani kwake, kando ya mkono wake, palikuwa na kopo la gundi ile ile, wanayounganishia pembe za masanduku. Akageuka akalitazama.

"Hii?"

"Hiyo."

Akachukua brashi, akaichovya, akaiinua juu, gundi ikashuka taratibu kwenye kopo. Akaitazama hadi tone la mwisho. Akarudia. Kwenye benchi la pili wanaume walikuwa wanabishana juu ya bei ya mbao na hawakutuangalia.

"Kweli inafanana," akasema.

Nilisubiri anifukuze, au alie, nami nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Aliirudisha brashi, akafuta vidole vyake kwenye nguo, na akaniambia nikae. Safari hii nikakaa. Akasema nimweleze tulivyofanya, kila kitu, taa ilikuwa wapi, nilisimama wapi. Nikamweleza: hema la karatasi, ukanda mweusi, taa ya chini, mkono uliokufa ganzi. Alisikiliza hadi mwisho, na mara mbili alinikatiza akauliza kitu ambacho hakukielewa. Nilipomaliza akasema, "Kazi nyingi namna hiyo."

Kisha akasema, "Hujaniuliza mwanangu aliitwa nani."

Nikamwuliza. Akaniambia, kisha akachukua msasa akaanza kifuniko kingine, nikajua ni wakati wa kuondoka.

Wewe pia hukuwahi kunitajia jina lake. Nadhani wodini hamkufika huko. Ukienda sokoni upite umsalimie, umpelekee mtoto amwone, na umwite Mama kwa jina la mwanawe, kama inavyompasa. Aliitwa Haingo.

Tahina